Siku sita za Kitulo: kwa miguu juu ya uwanda, tukimtafuta mbayuwayu wa buluu

Wiki mbili zimepita tangu turudi Iringa. Daftari langu lililowa nusu, kwa hiyo sehemu nyingine nimezijenga upya kwa picha za simu, na sehemu nyingine kwa kumuuliza mama mdogo, ambaye kumbukumbu yake ya bei ni kali kuliko daftari lolote.

Tulikuwa wawili tu. Mama mdogo anauza viazi hapa mjini mwaka wa ishirini na mbili sasa. Viazi vyake vinatoka Makete na vijiji vya juu vya Mbeya, lakini yeye hakuwahi kufika huko. Mzigo ndio unaomfuata sokoni. Mimi napenda ndege. Nilikuwa nimemsimulia habari za mbayuwayu wa buluu tangu Oktoba, mpaka siku moja akafunga hesabu zake akasema, "Haya mwanangu, twende tukamwone huyo ndege wako, na mimi nikauone udongo unaonilisha."

Kwa asiyejua: Kitulo ni uwanda wa nyasi ulio juu ya mita 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba karibu 413, na sababu kubwa ya kuihifadhi ilikuwa maua. Watu wa huko wanapaita Bustani ya Mungu. Ukienda unatafuta tembo na simba, utarudi na manung'uniko. Ukienda na darubini na miguu yako, utakosa muda.

Alhamisi, 6 Februari. Iringa hadi Chimala

Tulifika stendi ya Igumbilo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Basi lililoahidiwa kuondoka saa kumi na mbili liliondoka saa moja na dakika arobaini. Nauli shilingi 16,000 kila mmoja mpaka Chimala, ingawa kondakta alianza na 20,000. Mama mdogo alimwangalia tu, hakusema neno, bei ikashuka.

Baada ya Ifunda mvua ilianza. Kando ya barabara walikuwa wamesimama wauza ulanzi na madumu yao ya njano, maana ndio msimu. Basi liliposimama kushusha abiria tulinunua lita moja ya mtogwa, ule mtamu ambao haujachacha, kwa shilingi 1,000. Makambako tukala chapati na maharage. Mbele ya hapo lori la mbolea lilikuwa limelala likaziba njia yote, tukakaa saa mbili na robo. Kijana mmoja aliyekuwa anarudi Rujewa alifungua mfuko wake wa karanga mbichi za kuchemsha akaupitisha kiti kwa kiti mpaka ukaisha. Hakuna aliyemjua.

Chimala tulifika saa kumi na moja jioni. Ni tambarare ya Usangu, joto, mchele kila kona, na nyuma ya mji kuna ukuta wa mlima umesimama wima. Mama mdogo alitoka nje ya gesti akautazama muda mrefu. "Fuso zinashuka huo?" Nikamwambia ndio huo. Gesti 15,000, wali na samaki wa kukaanga 4,000.

Kwa atakayefuata: toeni fedha Chimala. Mawakala wapo Matamba pia, lakini jioni tuliyofika hapakuwa na aliyekuwa na salio la kutosha. Malipo ya hifadhi yenyewe hayapokelewi mkononi. Unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu. Kwa Mtanzania kiingilio ni kidogo kuliko nauli ya kufika, kwa hiyo kisiwe kisingizio.

Ijumaa, 7 Februari. Kona hamsini na saba

Barabara ya Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Noah ilisubiri ijae mpaka saa nne. Ilipoondoka tulikuwa kumi na mmoja, magunia mawili ya sukari, na tenga la kuku juu. Nauli 8,000.

Mama mdogo alianza kuhesabu kona kwa sauti, na abiria wengine wakaingia. Kufika ya ishirini gari zima lilikuwa linahesabu. Kwenye thelathini na nne magurudumu yalianza kuzunguka bila kwenda. Udongo mwekundu, mvua ya usiku, na upande wa kushoto hakuna kitu isipokuwa hewa. Tulishuka wote. Wanaume wakasukuma, wanawake wakakata matawi na kuyatandika, dereva akajaribu mara nne. Tukaambiwa tupande kwa miguu kona zilizobaki mpaka palipokauka.

Hapo ndipo bibi mmoja wa Kiwanji, aliyekuwa anatoka kumwona mwanawe Chimala, alimpa mama mdogo fimbo yake. Mama mdogo akakataa, akisema bibi ndiye mkubwa. Bibi akacheka, akasema yeye mlima huu umemzaa, fimbo anaibeba kwa mazoea tu. "Kamwene," alisema, kama mtu anayeanza salamu upya ili mabishano yaishe, na mama mdogo, ambaye ni Mhehe, akaitikia "Kamwene", akaichukua. Salamu hiyo moja inatumika Iringa mpaka Makete, na ilitufungulia milango mingi kuliko kadi yoyote ya benki.

Tulipofika kona ya mwisho niligeuka nyuma. Usangu yote, na mashamba yake ya mpunga, ilikuwa imefunikwa na wingu jeupe tambarare, na vilele vilikuwa vimetokeza juu yake kama visiwa baharini. Nimesoma kwamba wataalamu wa viumbe huviita vilele vya namna hii visiwa vya angani, kwa sababu mmea au ndege aliyezoea baridi ya juu hawezi kuvuka joto la chini kwenda mlima mwingine, kama vile panya wa kisiwani asivyoweza kuvuka bahari. Nilikuwa nimelielewa neno hilo kwa kichwa tu. Pale kwenye kona, nikiwa na matope mpaka magotini, nililiona.

Matamba ni baridi. Jioni mama mwenye gesti aliona tunavyotetemeka, akatuletea jiko la mkaa chumbani, akasimama mpaka tulipofungua dirisha ndipo akaondoka. Asubuhi hakutaka malipo ya mkaa. Chumba 15,000, viazi vya kuchemsha na mboga za figiri 2,000. Mama mdogo alikishika kiazi kimoja akakivunja katikati, akakinusa. "Hiki ni changu," akasema.

Jumamosi, 8 Februari. Kuingia

Tulikodi gari ndogo mpaka geti la Mwakipembo, 40,000, baada ya kukubaliana na dereva huyohuyo aje kutuchukua Jumatatu saa nne upande wa barabara ya Isyonje, ile inayoelekea Mbeya, na tukampa nusu ya malipo ya safari hiyo. Kumbukeni jambo hilo, litarudi.

Njiani kuelekea getini ni mashamba: viazi, njegere, ngano, pareto yenye maua meupe. Yamepanda mpaka mgongoni mwa vilima. Halafu geti, halafu nyasi. Mpaka unaonekana kama mtu amechora mstari kwa rula: huku matuta, kule maua. Mama mdogo aliyatazama mashamba kwa jicho la biashara, akawa anakisia gunia ngapi zinatoka kila ekari, na alikuwa anakisia vizuri, kwa sababu askari mhifadhi aliyepangiwa kututembeza alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Yeye tulimwita Afande, naye akamwita mama mdogo Mama, na baada ya saa moja walikuwa wanaongea kama ndugu.

Maua sitayaweza. Hifadhi imeorodhesha aina 350 hivi za mimea, na kati yake okidi ni 45. Nilipiga picha za okidi za njano, nyekundu ya damu, nyeupe zenye ndevu, moja ya kijani ambayo ningeikanyaga kama Afande hangenishika begani. Kuna ua refu lenye kichwa cha rangi ya moto, limesimama kama mwenge, na kila mwenge una chozi wake, yule ndege mdogo wa maua. Chozi dume wa huku ni kijani kinachong'aa kama kanga mpya, na mkia wake una manyoya mawili marefu ya katikati.

Afande alituonyesha shimo dogo, upana wa kiganja, udongo wake bado mpya. Mtu alikuwa amechimba okidi. Kiazi cha chini cha okidi husagwa, huchanganywa na karanga, hupikwa kikawa kigumu kama nyama ya kukata vipande. Chakula hicho ni chikanda, na Zambia kinapendwa sana. Biashara ya kupeleka viazi hivyo Zambia ndiyo mojawapo ya mambo yaliyosukuma hifadhi hii kuanzishwa. Mama mdogo aliinama akalitazama shimo. Aliuliza gunia linauzwaje. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kinaota tena?" Afande alieleza kwamba anayechimba hung'oa mmea mzima, na okidi kutoka kwenye mbegu huchukua miaka kabla ya kutoa ua. Mama mdogo akanyamaza. Muuza viazi anajua maana ya kula mbegu.

Saa tisa alasiri tulimwona tandawala. Wawili walikuwa mbali, nyasi zikiwafika kifuani, shingo ya kijivu mbele na ya rangi ya kutu nyuma. Ni ndege mkubwa, mzito, anayetembea kama mzee anayekagua shamba lake. Dume alijaza koo hewa mpaka kifua kikawa kama puto jeupe, akasimama hivyo. Ukungu ulikuwa unapita. Alipotea, akatokea, akapotea. Kwa dakika kumi na mbili tulichokuwa tunakiona ni lile puto tu, bila ndege.

Wengine wa siku hiyo, kwa wanaopenda orodha: kunguru wa shingo nyeupe, kwale waliotuamsha moyo kwa kuruka miguuni, kipanga mhamiaji aliyekuwa akipepea chini chini juu ya nyasi (hawa hukimbia baridi ya Ulaya na Asia wakaja kula panzi wetu), na yule ndege mweusi wa mabondeni mwenye mkia mrefu unaomlemea akiruka. Na kidege kidogo cha kahawia, chenye mistari mgongoni, ambacho kinapatikana katika nyanda hizi za juu na kuvuka mpaka kidogo kuingia nchi jirani, basi. Duniani hakipo kwingine. Jina lake la kisayansi ni Cisticola njombe. Nilipomwambia mama mdogo kwamba kuna ndege anaitwa Njombe, aliomba darubini.

Usiku hemani baridi ilikuwa ya kuuma. Leteni blanketi zito hata kama mnaenda Februari. Juni hadi Agosti barabara ni kavu lakini huganda umande, na maua hakuna. Maua ni Desemba hadi Aprili, pamoja na mvua yake na matope yake. Chagueni.

Jumapili, 9 Februari. Tundu

Mbayuwayu wa buluu huzaliana kwenye nyanda za juu za kusini mwa Afrika wakati wa mvua, kisha Aprili hivi huondoka kwenda kaskazini, maeneo ya kuzunguka Ziwa Victoria, akarudi Septemba. Duniani kote amepungua, na yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini. Sababu ni nyumba yake. Hajengi darini wala chini ya daraja. Anashuka chini ya ardhi: tundu la zamani la muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, au mahali ambapo udongo umezama, akabandika kikombe cha matope na nyasi kwenye dari ya shimo. Ukilima nyasi, ukapanda misonobari au viazi, mashimo yanafukiwa, naye hana pengine pa kwenda.

Afande alikuwa anajua tundu moja. Tulitoka hemani saa kumi na mbili, tukatembea karibu saa nzima kwenye nyasi zilizotulowesha mpaka kiunoni. Alituketisha mbali, hatua hamsini au zaidi, nyuma ya kichuguu, akasema tusisogee hata tukiona nini. Tundu lenyewe lilikuwa kama sufuria ya familia iliyolazwa ubavu, limefunikwa nusu na nyasi. Ningepita pembeni yake mara mia.

Saa moja na dakika kumi na tano alikuja. Nilidhani ni mweusi. Aliruka chini kabisa, karibu kugusa maua, akazunguka mara mbili, na jua lilipopenya kidogo rangi ikafunguka: buluu nzito ya chuma, toka kichwani mpaka mkiani, bila doa jeupe usoni wala kifuani. Dume ana nyuzi mbili za mkia nyembamba, ndefu kuliko mwili wake, zinazochelewa kidogo kila anapokata kona, kama zinamfuata kwa hiari yao. Kisha akakunja mabawa akaingia ardhini. Hakutua mlangoni. Aliingia kwa mwendo uleule aliokuja nao, na tukasikia sauti nyembamba za makinda zikipanda kutoka chini ya udongo, halafu akatoka, na sauti zikakatika.

Nilihesabu. Kuanzia saa moja na robo mpaka saa mbili na robo, dume na jike waliingia mara kumi na saba. Mara ya tisa ukungu ulifunga kabisa hata tundu hatukuliona, lakini makinda tuliwasikia, kwa hiyo wazazi walikuwa wanaliona.

Mama mdogo alikuwa amelala kifudifudi pembeni yangu, kitenge kimeloa, darubini usoni. Alipoiteremsha macho yake yalikuwa mekundu. "Kumbe chini pana watu," alisema. Hakusema kingine mpaka tulipofika kambini.

Siku iliyobaki tulitembea kuelekea bonde la Numbe, kilomita labda kumi na mbili kwenda na kurudi, mvua ikituwahi njiani. Afande alitusimulia habari za kipunji, nyani wa misitu ya Livingstone upande wa kusini wa hifadhi, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Huko hatukufika, ni safari nyingine, na yahitaji siku zake.

Ushauri wa viatu: buti za mpira. Viatu vyangu vya kupandia mlima vilijaa maji saa ya kwanza. Mama mdogo, na gamubuti zake za 18,000 za sokoni Iringa, alirudi na soksi kavu.

Jumatatu, 10 Februari. Kusubiri

Saa nne tulikuwa barabarani na mizigo. Saa tano. Saa saba. Dereva tuliyempa nusu ya malipo hakutokea, na simu yake ilikuwa haipatikani. Iliniuma, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimemleta mama wa miaka sitini na moja mahali pasipo na kibanda. Usitoe malipo ya mbele kwa gari la kukutoa. Mlipe akufikapo, na uwe na namba ya dereva wa pili.

Afande alibaki nasi ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Saa nane kasoro ilitokea Fuso ya viazi, imejaa mpaka juu, inakwenda Mbeya. Dereva alisimama kabla hatujapunga mkono. Utingo alihamia juu ya mzigo chini ya turubai, mvua ile, ili mama mdogo akae mbele. Mimi nilibanwa katikati yake na dereva.

Walianza mazungumzo ya kazi mara moja. Mama mdogo aliuliza gunia limejazwa vipi, dereva akakiri ni lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo, na mama mdogo akamweleza kwa upole hasara anayoipata mkulima kwenye lumbesa, akitaja kilo. Tulipita shamba la mifugo la Kitulo, ng'ombe weusi kwa weupe wamesimama kwenye mvua. Kisha mashamba yakaanza tena. Mama mdogo akauliza: "Hivi viazi vimetoka wapi hasa?" Dereva akataja kijiji. "Shamba la zamani au jipya?" Dereva hakuelewa. "Nauliza, palikuwa shamba, au palikuwa nyasi?" Dereva alifikiri, akasema sehemu ni jipya, walivunja mwaka juzi. Mama mdogo akatikisa kichwa taratibu, akatazama dirishani mpaka Isyonje.

Dereva alikataa nauli. Tulipomlazimisha alipokea 10,000, akaita utingo akampa zote. Uyole, pembeni mwa Mbeya, tulifika saa kumi na mbili jioni. Gesti 20,000 yenye maji ya moto, ndizi na nyama 5,000, tukalala kama magogo.

Jumanne, 11 Februari

Basi la asubuhi, 18,000, Mbeya hadi Iringa, hakuna la kusimulia.

Gharama yote kwa wawili, pamoja na malipo ya hifadhi, ya askari, ya kambi, na zile zilizopotea kwa dereva asiyekuja, haikufika shilingi 500,000. Kama mna siku nne tu, ingieni kwa Isyonje mtoke kwa Isyonje, mtaikosa Hamsini na Saba lakini mtaokoa siku nzima.

Juzi nilipita sokoni kwa mama mdogo. Amechapisha picha moja kati ya zile nilizompa na kuibandika kwenye mlango wa stoo, juu ya bei ya viazi. Nilimpa za tandawala, za okidi, na moja nzuri ya uwanda wote. Aliyoichagua ni ya tundu. Nyasi, udongo, kivuli. Wateja wanamuuliza ni nini, naye anaacha kupima, anaeleza. Na Fuso inapoingia, kabla ya kuuliza bei, anamuuliza dereva palikuwa shamba au palikuwa nyasi.